Sidi na Minazi ya Njia ya Ziwani

Sidi wa Katana hakuwa mtu rahisi, na hakuna haja ya kumpamba sasa eti kwa sababu alidhulumiwa. Alikuwa mkali. Ukipita mlangoni kwake bila kubisha hodi, angekusomea ukoo wako mpaka babu wa tatu, na babu huyo hakutoka salama. Watoto wa Utange walimkwepa. Wanaume wazima walipomwona kwa mbali walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli kwingine.

Aliolewa Utange na mtu aitwaye Lewa, aliyejenga kibanda cha udongo na makuti katika shamba la matajiri wa Mji wa Kale. Mwenye shamba, mzee mmoja mfanyabiashara, alimpa ruhusa kwa mdomo tu. Kaa, alimwambia, lima muhogo na mahindi na kunde, lakini usipande mti wa kudumu. Kila mtu wa pwani alijua maana ya maneno hayo. Ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe, na mnazi wa mtu ukishasimama katika ardhi ya mwingine, humtoi mtu huyo bila kesi. Lewa alikubali. Aliishi pale miaka kumi na tisa bila kupanda hata mpera, akafa kwa homa, akazikwa nyuma ya nyumba. Sidi akabaki na kibanda na kaburi. Hakuwa na karatasi ya kibanda wala ya kaburi, lakini hakuwa na kingine duniani, na kila aliyemjua alijua anachotaka: afie pale, alazwe ubavuni mwa mumewe.

Baina ya nyumba hizo na barabara ya magari palikuwa na ziwa. Usidhani ni maji ya kupigia mashua. Yalikuwa matete, tope na maji ya magoti, na mahali pengine chini hapakuwa na chini. Kijia kilipita humo, na kila masika kilimezwa. Masika ya mwaka wa hamsini na saba, mwanamke mjamzito aitwaye Nyamvula alibebwa kitandani apelekwe hospitali. Wabebaji wakazama mpaka mapajani, wakakwama. Nyamvula akafia pale pale katikati ya matete, na mtoto tumboni.

Watu walilia. Sidi alikasirika. Matanga yalipoanuliwa alichukua jembe na panga, akashuka ziwani peke yake, akaanza kufyeka huku akitukana kila mtu kwa jina. Siku ya tatu walikuja wawili, pengine ili matusi yapungue. Baada ya mwezi walikuwa kumi na mmoja.

Waliitwa watu wa njia. Hakuna aliyewatuma. Walikutana kila siku ya nne, siku ambayo Wagiriama huiita jumwa, ambapo mtu hashiki jembe shambani kwake. Baadhi ya wazee walinung'unika kwamba kazi ni kazi. Sidi aliwajibu kwamba njia si shamba la mtu, na mwenye kutaka kupumzika akapumzike matopeni. Sidi alitangulia akipapasa mwamba kwa miguu chini ya tope, nao wakajaza mawe ya matumbawe juu yake, wakalaza magogo ya mikoko, wakainua tuta. Waliweka na amri zao: mtu asifue nguo penye jicho la maji, asikate matete yote upande mmoja, asitupe taka. Mwanamkasi, mwanamke wa Kiswahili aliyesuka mikeka na kukata ukindu ukingoni mwa ziwa, ndiye aliyesimamia amri hizo. Nguma, kibarua wa bandarini Kipevu, ndiye aliyekuwa na nguvu za kubeba mawe. Zana zao zote walizihifadhi nyumbani kwa Sidi. Baada ya miaka minne ungeweza kupita ziwani na viatu vya harusi, na wagonjwa walifika barabarani wakiwa hai.

Mwisho wa mwaka wa sitini na moja vuli ilinyesha isivyowahi kunyesha. Tuta likabomoka penye kona, pale maji yanapogeukia, na kila walichojaza kikachukuliwa. Walijaza mara tatu. Mara ya nne Sidi akasema panatakiwa mizizi, na mizizi inayoshika udongo wa maji kuliko yote ni ya mnazi. Nazi zilizochipua anazo.

Wenzake wakaacha majembe. Nguma ndiye aliyethubutu kusema.

"Mama, mnazi? Katika shamba la watu?"

"Napanda shambani mimi? Hii ni njia. Mnazi wa njia ni wa kila apitaye."

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa la mtu mwema. Alidhani mti unaweza kuwa wa wote. Pwani hakuna mti wa wote. Wenzake walilijua hilo, na yeye pia alilijua, ila hasira ya kuona tuta likichukuliwa ilimfunika macho. Tazama sasa wenzake walivyofanya. Walichimba mashimo kumi na saba, wakachota maji, wakaleta samadi. Kuutia mche shimoni hakuna aliyetaka. Kila mmoja alijidai kushughulika na jambo jingine. Miche yote kumi na saba Sidi aliipanda kwa mikono yake, na tuta likashika.

Mzee mwenye shamba alifariki, na mali ikashikwa na mwanawe Aqil. Kijana mpole, mwenye kanzu safi na sauti ya chini. Ilikuwa mwaka wa sitini na tatu, na habari ilikuwa moja tu kila baraza: Mwingereza anaondoka. Wenye mashamba hawakulala. Walisema siku bendera ikibadilishwa, kila mwenye mti atadai na ardhi iliyo chini yake. Aqil akaamua kuyatembelea mashamba yake yote kabla ya siku hiyo. Utange alifika siku ya jumwa, akawakuta watu wa njia kazini, akapita ziwani mpaka ng'ambo bila kulowa unyayo.

"Ndia hii n'njema mno," alisema. "Mwenyezi Mungu awalipe." Kisha akaiona minazi kwenye kona, imefika kifuani mwa mtu. "Na hii, n'nani aloipanda?"

Nguma akaanza kuchunguza mpini wa jembe lake. Mwanamkasi akajifunga leso upya. Sidi akawatazama mmoja mmoja, akangoja, kisha akasema, "Ni mimi."

"Shikamoo, bi Sidi," alisema Aqil, kama kwamba ndiyo kwanza amemwona.

"Marahaba, mwanangu."

"Marehemu baba alikwambiani juu ya miti?"

"Hii si yangu, bwana. Ni ya njia. Mimi sidai kitu."

"Basi kama hudai haitakuuma. Ing'oe. Ijumaa ijayo n'takuja na wazee wawili, tuone pako wazi, tumalize kwa wema."

Aqil alipoondoka, Sidi alikaa juu ya tuta. Aking'oa, njia itakwenda na maji. Asipong'oa, ataondoka yeye. Mwanamkasi akakaa kando yake. "Ng'oa, mwenzangu, yeshe," alimwambia. "Yule n'mtoto wa watu, kasema mbele ya watu. Wallahi hatakugeuka." Mwanamkasi hakuwa na hila. Aliwajua jamaa za Aqil tangu utotoni na aliwaamini.

Jumwa iliyofuata hakuja mtu. Wenzake wote waliugua siku moja. Sidi aling'oa peke yake tangu alfajiri, akichimba kuzunguka kila shina, akikata mizizi kwa panga na kuvuta mpaka mgongo ukalia. Mizizi ilikuwa imeushika udongo sawasawa, kama alivyosema. Alipofika mnazi wa kumi alikuwa akilia kwa sauti, mwanamke ambaye hakulia matangani. Nguma alipita njiani akielekea Kipevu kazini, maana ugonjwa wake ulikuwa wa asubuhi tu. Akamwona, akampa pole, akapita.

Ijumaa, baada ya sala, Aqil alikuja na wazee wake wawili, wakaketi kwenye baraza la duka la kijiji. Watu walijaa. Sidi akasema ameng'oa, pako wazi, na waende wakaone.

"Nani aling'oa?" aliuliza Aqil kwa upole.

"Mimi."

"Kuna aloona?"

Macho yakamgeukia Nguma. Nguma naye alikuwa na kibanda katika shamba lilo hilo, na watoto watano ndani yake. "Nilimwona," alisema.

Aqil akawageukia wazee. "Mumesikia. Mtu hang'oi mti wa mwenziwe. Kama miti haikuwa yake, angenambia, 'Bwana, si yangu, ng'oa weye.' Aking'oa mtu n'kwa kuwa ni mwenyewe. Kapanda kwangu bila idhini, na kang'oa kilicho chake. Basi tu sawa, hatudaiani. Ahame kabla ya mwezi kwisha."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali, kwa sababu kwa jinsi desturi ilivyo alisema kweli. Mwanamkasi, aliyemshauri ang'oe, akajifunga leso upya. Sidi akasema, "Lakini weye ndiye uliyeniambia," lakini wazee walikuwa wameshainuka. Huo ulikuwa unyama, na haukupungua hata chembe kwa kufanywa kwa sauti ya chini.

Nyumba ilibomolewa siku ya Jumatatu, mwezi ulipokwisha. Waliobomoa ni watu wa njia, kwa amri ya mwenye shamba, na zana zao walizikuta humo humo ndani. Sidi akaenda kukaa kwa ndugu yake Gona, ng'ambo ya ziwa, karibu na barabara. Kiwanja chake akapewa Nguma, aliyewekwa na Aqil kuwa mwangalizi mpya wa shamba. Kwa muda Sidi alivuka kila jumwa kupalilia kaburi la Lewa, akarudi bila kumsemesha mtu.

Vuli ilipoanza, tuta likakatika penye kona. Majuma mawili hakuna aliyepita. Ilikuwa imebaki wiki moja bendera ipandishwe, na watu wa Utange walitaka kwenda mjini kuiona, wakawa hawana pa kupita. Sidi aliposhuka ziwani siku ya jumwa na fimbo yake, akamkuta Nguma amesimama upande wa pili, maji yakipita kati yao.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Aliuliza, "Kaburi la Lewa li salama?"

Nguma akatazama maji. "Tumeweka jiko pale, mama. Mvua imeingia kila mahali, na pale palikuwa pameinuka. Usitukasirikie, watoto lazima wale." Kisha, bila hata kupumzika, akaendelea, "Mama, wenzetu wamenituma. Hakuna ajuaye mwamba uko wapi chini hapa. Weye wajua. Tuonyeshe pa kukanyaga, tujaze mawe, na watu wapite."

Sidi aliujua mwamba ule. Aliutafuta kwa miguu yake mwaka ule wa hamsini na saba.

"Sijui," alisema.

Nguma akakunja suruali, akaingia majini, akaanza kupapasa kwa mguu huku na huku. Sidi akasimama akimtazama mpaka tope likamfika kiunoni na akaanza kumwita, "Mama! Mama Sidi!" Ndipo alipogeuka akaenda zake.