Kome Asiye na Meno

Mfereji unaopita nyuma ya boma letu, chini ya Kerugoya, ulifungwa ili uchimbuliwe matope kwa mashine. Maji yalipokauka, mama mkwe wangu aliteremka kutafuta jembe lake lililotumbukia humo zamani. Jembe hakulipata. Alirudi na kitu kiganjani.

"Wewe ndio ulisomea wanyama," akaniambia. "Hii konokono iko na mifuniko mbili ni gani?"

Alikuwa kome wa maji baridi, mrefu kuliko kidole changu cha kati, rangi ya kijani iliyokaribia weusi. Nafundisha biolojia, lakini kome nilikuwa nimemwona kwenye michoro tu. Nikampiga picha, nikamtumia mhadhiri aliyenifundisha chuoni. Alinipigia simu papo hapo.

"Picha ya nje hainisaidii," alisema. "Huko kuna aina mbili zinazofanana. Mmoja ana meno kwenye bawaba, pale magamba mawili yanapoungana. Huyo yuko kila mahali. Mwingine bawaba yake ni laini, na ndani ana rangi ya waridi. Huyo sijamwona upande huo kwa miaka mingi. Tafuta gamba tupu, uniangalizie."

Magamba matupu yalikuwepo mengi. Lakini maji yetu ya mlimani hayana chokaa ya kutosha, basi hula gamba polepole, hasa kwenye kinundu kilicho juu ya bawaba. Kila nililookota lilikuwa limelika hapo, mengine yametoboka, na bawaba zikanimegukia mkononi. Nikamwambia hivyo. 

"Basi itabidi umfungue mmoja aliye hai."

Mama mkwe alileta kisu cha kumenyea viazi. Alijaribu kupenyeza ncha, kome akajifunga zaidi. "Anakataa," akasema, akaniachia kisu. Nilisukuma mpaka kitu ndani kikakatika, na magamba yakalegea. Ndani kulikuwa na rangi ya waridi hafifu. Nikapitisha ukucha kwenye bawaba toka mwanzo hadi mwisho, na haukukwama popote. Wakati huo wote mguu wake mweupe ulikuwa ukijivuta ndani, polepole, kana kwamba bado kulikuwa na mahali pa kujificha.

"Ni yeye," mhadhiri alisema nilipomweleza, sauti imebadilika. "Waambie wasimamishe mashine mpaka nije."

Msimamizi wa kazi alikuwa mtu wa heshima. Alizima mashine ili anisikie vizuri.

"Mwalimu, nimekuelewa," alisema. "Lakini wakulima wako na miche inangoja maji. Niletee barua ya ofisi, nitasimama."

Nilikwenda mjini. Ofisi ya kwanza walinielekeza ya pili, na ya pili wakaniambia mkubwa wao yuko mkutanoni Nyeri. Niliporudi nilipita kando ya kitalu cha mpunga cha mama mkwe. Miche ilikuwa imeanza kuwa ya manjano. Sikuwa na mtu wa kumkasirikia.

Mimi na mama mkwe tukaokota kome kwa beseni na karai, kabla mashine haijawafikia, tukawapeleka mtoni. Mhadhiri alikuwa amesema watafutiwe mchanga uliotulia. Mto wetu ni mawe na maji ya kasi.

"Sasa hawa watasimama aje hapa?" mama aliuliza.

 Tuliwachomeka kwenye vipande vidogo vya mchanga nyuma ya mawe. Kesho yake asubuhi wengi walikuwa wamebingirishwa na maji, na wengine wako wazi, hawajifungi hata ukiwagusa. Tuliwasimamisha tena waliosalia. Mashine tuliisikia mpaka jioni.

"Ati miaka yote hiyo nafua nguo kwa huo mfereji," mama alisema, "na sikujua wako."

Mhadhiri alifika Jumamosi. Mfereji ulikuwa umejaa tena, maji mekundu ya udongo. Mtoni alihesabu waliosimama, haraka. Nilimuuliza kama wataishi.

"Hilo si la kujulikana leo," alisema. "Pengine hata mwaka ujao hatutajua."

Alifunga lile gamba la waridi kwenye kitambaa, akanywa chai, akaondoka. Mama alikuwa ameshaingia shambani, maji yakimfika vifundoni. Nilikunja sketi, nikaenda kumsaidia kupanda.