Maombi ya Mama Yametufungia Kisiwani

Jameni, leo Mama ameomba mpaka bahari ikatufungia! 😂

Tulitoka Erdington, mtaani kwetu huku ughaibuni, alfajiri na watu wa kanisa kwenda kuona ndege. Kisiwa chenyewe kidogo, unakifikia kwa miguu maji yakipwa. Yakijaa, njia hakuna.

Tulipomaliza kukizunguka, Mzee Mzungu aliyetuongoza akasema, "Tuondoke sasa hivi, maji yanarudi."

Mama, aliyekuja juzi kutoka Nakuru, akashangaa. "Tusafiri bila kuomba?"

Tukafumba macho. Mzee wa watu akavua kofia, akaona haya kumkatiza.

Mama akaombea dereva. Akaombea magurudumu. Akaombea shangazi zangu wote, mmoja mmoja kwa jina. (Mwenye mama kama huyu anyooshe mkono.)

Nikakohoa mara tatu kumharakisha, ndipo akasema Amina.

Tukafumbua macho. Njia imeshakuwa bahari!

Masaa matano tumekwama. Na mimi nina shifti jioni. Nilinuna, jameni.

Halafu maji yakafunika mchanga wote, ndege wakakosa pa kusimama. Wakaja kwenye mawe yetu, maelfu, karibu mpaka unasikia mabawa. Hata sili, wale wanyama wa baharini wenye masharubu, wakatoa vichwa majini kututazama.

Mzee akanong'ona kwamba hajawahi kuona ndege wengi hivi.

Nikamtafsiria Mama.

"Mwambie hukuniacha nimalize."