Pine mbili za nyuma

Nilipoanza shule kule Nyundo, mama alinivalisha viatu vya watu wawili: cha kushoto kilikuwa cha kaka yangu, cha kuume cha dada, na kile cha dada kilikuwa na soli nene. Nilitembea bega moja juu, na mwezi haujaisha mguu wa kuume ukavimba. Shule nayo niliacha mapema, lakini si sababu ya viatu, ni sababu ya mwalimu aliyependa fimbo na mimi niliyependa mapera ya padri. Bon, hiyo tuiache.

Nataka kusema juu ya lori. Iko nzee kuliko mutoto wangu wa kwanza, na nilipoipata ilikuwa inatembea na pine moja, tairi moja tu, kila upande wa nyuma. Yenyewe ilizaliwa na mbili mbili. Mutu aliyekuwa nayo mbele yangu ndiye alizitoa zingine. Bila zile haiwezi kubeba muzigo wa maana. Mwaka jana bibi yangu, mama watoto, akachoka kuiona imesimama tu mu kiwanja chetu hapa Nengo.

"Mzee," akasema, "binti yetu anajenga Nyakiriba, anangoja mawe. Lori yako ikishindwa kuyapandisha, naita watu wa vyuma waikate."

Na yule mwanamuke akisema, amesema. Mi sitaficha: naipenda ile lori. Hata usingizi wa mchana nalalia mu kabini.

Nikatafuta pine, mbili mpya, na fundi akavuka mpaka kutoka Goma kwa miguu, mufuko wa funguo begani. Akainua lori na kriki, akavisha, akakaza buloni moja huku, nyingine ngambo yake, vizuri kabisa. Alipotaka kushusha, nikasema: "Ngoja."

"Ngoja nini, Papa?"

"Ya inje iko murefu kuliko ya ndani."

"Hayo ni macho ya uzee."

"Pima."

Akacheka. "We ulisomea ufundi wapi?"

"Mu viatu," nikajibu, nikamueleza ile soli ya dada.

Bibi alikuwa anachambua maharage mulangoni. "Ariko! Miaka yote hii, leo ndiyo nasikia ulisoma!"

Fundi akazungusha kamba kwenye kila pine. Ya inje ilizidi ya ndani karibu kiganja kizima. Kumbe kila upande alikuwa ameweka mpya moja na nzee moja, ati zigawane kwa haki. Lakini ile ndefu ingebeba mawe yote, mwenzake inaning'inia tu, na ingepasuka hata Nyundo hatujafika. Akaacha kucheka. Akazitoa zote, akaoanisha upya: mpya na mpya upande mmoja, nzee na nzee upande wa pili. Lori ikainama kidogo tu, lakini kila pine ikakanyaga chini sawa na mwenzake.

Kesho yake tukapakia mawe, yale meusi ya volkano. Bibi akakaa karibu na mimi, fundi juu ya muzigo. Lori ilinguruma, ilitoa moshi, ikapanda. Juu ya mulima fundi akapiga bodi nisimame. Akashuka, akagusa pine moja moja na kiganja.

"Joto iko sawasawa," akasema. "Zote zinabeba."

Nikamuangalia bibi. Aliangalia mbele. "Tunangoja nini? Mutoto anataka mawe."

Nikamuambia fundi twende wote Nyakiriba, viazi viko tayari. "Kazi yangu imeisha, Papa," akasema, akapangusa mikono kwenye suruali, akapachika mufuko begani, akateremka na barabara kuelekea mpaka. Hakugeuka, na sijamuona tena.