Maneno Madogo Chini ya Bei

Kila Jumapili ninapofuta ubao wa darasa la watoto kanisani, vumbi la chaki hunirudisha kwenye duka la mama, Chang'ombe.

Mama aliuza vitambaa. Bei zake zilikuwa na kodi ndani, na wateja wakatupita kwenda kwa jirani, aliyeandika bei bila kodi na kuidai mtu anapolipa. Siku moja mama alichoka.

"Mwanangu, una mwandiko mzuri. Punguza bei, halafu chini andika 'bila kodi'. Herufi ndogo."

Nikaandika kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni, nikajisifu moyoni.

Bibi mmoja wa kijijini alikuja kuangalia bei ya kitambaa cheupe, akaondoka. Kesho yake alirudi kwa miguu, hela amezifunga kwenye pindo la khanga. Mumewe alikuwa amefariki, na ndugu walikuwa wamechanga kiasi kile kile alichokiona ubaoni.

"Bado kodi, bibi," mama alisema kwa sauti ya chini, akimwonyesha maandishi.

Bibi aliutazama ubao. "Namba nazijua, mwanangu. Hayo mengine sikusoma."

Mama alichukua mkasi, akaanza kupima kitambaa.

"Kata hela inapoishia," bibi akamwambia kwa upole. "Mzee wangu hakuwa mrefu."

Mama akakata. Bibi alipoondoka nilifuta ubao kwa kiganja, na mama hakunikataza.

Namshukuru Mungu kwa mengi aliyonijalia. Lakini kila tunapomwandaa marehemu wa kanisani kwetu, macho yangu huanza kutazama kama sanda imefika miguuni.