Mke wangu kachambua mchele kimya kimya, ukoo ukasema ni limbwata

Wakuu, heshima kwenu nyote, mlioamka na furaha na mlioamka na hasira kama mimi.

Haya yametokea nyumbani kwangu Buswelu, mbele ya macho yangu, na mashahidi wapo. Sina haja ya kutunga. Ningekuwa mtunzi ningetunga ukoo mwingine kabisa, wenye adabu.

Mods, uzi una wali na una samaki, lakini naomba msiuhamishie jukwaa la mapishi. Hii ni kesi.

Nianze na mke wangu, maana yeye ndiye mshtakiwa.

Ni Mmalawi, hapa nitamwita Thoko. Enzi hizo nilikuwa dereva wa malori, napeleka mizigo Lilongwe. Huko ndiko nilikompata, tukafunga ndoa kwao kwa taratibu zote, nikaja naye Mwanza. Wale wa kataa ndoa tulieni kwanza, zamu yenu ipo kwenye comments.

Sasa jiweke kwenye nafasi yake. Umehamia nchi ya watu, Kiswahili hujui, ndugu huna, mume anashinda barabarani. Sokoni ukiulizwa kitu unababaika, watu wanacheka.

Mwaka wa kwanza alinyong'onyea. Moyo ulikuwa unamwenda mbio akiwa amekaa tu. Usingizi hakuna. Siku moja nikapigiwa simu na jirani, anasema mkeo kasimama hapa sokoni kwenye nyanya, analia, na akiulizwa analia nini hajui.

Mimi nipo Tunduma na lori la watu. Hiyo simu siwezi kuisahau.

Kilichomsaidia si mganga wala mafuta ya upako. Dada yake ni nesi huko kwao, akamfundisha kwa simu kitu ambacho wenzetu wanakiita mindfulness. Msiogope neno. Ni hivi: ukiosha kikombe, osha kikombe. Usioshe kikombe huku kichwa kiko Lilongwe na roho iko kwenye maneno aliyosema jirani juzi. Sikia maji yalivyo ya moto. Tazama povu. Kikiisha hicho, shika kingine.

Basi, ndio hivyo tu. Hakuna ubani, hakuna kwenda ziwani usiku, hakuna Freemason.

Jumapili tukitoka kanisani tulikuwa tunashuka Pasiansi, anakaa juu ya jiwe ufukweni anasikiliza maji. Anasema ziwa la kwao lina sauti nyingine kabisa. Mimi nilikuwa nasikia injini za boti na vijana wanaoosha bodaboda, lakini nilikaa naye.

Dawa yake kubwa hasa ikawa mchele.

Mnaonunua mchele wa huku mnajua. Mtamu, unanukia, lakini vijiwe havikosi. Thoko anaumwaga kwenye ungo, anakaa mlangoni mwa jiko, anachambua punje kwa punje. Hasemi kitu, simu hashiki. Ukimwita ananyoosha kidole kimoja juu, yaani subiri, nakuja.

Na kweli anakuja. Akimaliza anaweka ungo chini, anakutazama, anakusikiliza mpaka unaona aibu kwamba ulichotaka kusema ni cha kipuuzi. Mimi niliyezoea watu wa kuitikia "mmh" huku wanachati, niliona nimepata bahati.

Usingizi ukarudi. Kiswahili kikaanza kupanda. Mungu akatupa binti.

Hapo ndipo akaingia Shangazi.

Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba yangu, anaishi ng'ambo, upande wa Sengerema. Kwetu shangazi ni baba aliyevaa kitenge, akisema kasema. Zamani pantoni ya Kigongo ilikuwa inatusaidia, maana akikumbuka foleni ya kuvuka alikuwa anaahirisha safari. Tangu daraja lifunguliwe hatujapumzika.

Alikuja kumwona mtoto. Thoko akampokea kwa magoti chini, "Shikamoo Shangazi," akapokea mzigo, akapeleka maji bafuni. Kwao pia wanawake wanapiga magoti, hakuhitaji kufundishwa na mtu. Siku hiyo nzima Shangazi alimsifia.

Kesho yake Thoko alikuwa mlangoni na ungo wake. Shangazi akavuta kigoda, akaanza habari za ukoo, nani kaoa wapi na kwa nini alikosea. Katikati akatupa swali. Thoko akanyoosha kidole.

Nilikuwepo. Kidole kilikaa hewani muda wa kumeza mate tu, lakini Shangazi alikitazama kama ametolewa panga.

"Mimi? Mimi ndiye naonyeshwa kidole? Na mke wa mtoto wa kaka yangu?"

Nikaeleza. Thoko akaweka ungo pembeni, akapiga magoti, akaomba radhi. Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo.

Jioni Shangazi akaenda kuchungulia jikoni. Akamkuta Thoko amefunua sufuria, amefumba macho, ananusa mvuke wa wali. Ni kawaida yake kabla ya kupakua, anasema ndiyo shukrani yake. Shangazi akarudi sebuleni amekunja uso, akasema hana njaa.

Alivyofika tu kwake, voice note ikaingia kwenye group la ukoo.

"Yule mwanamke anaunenea wali. Anautenga punje kwa punje, hataki kusemeshwa, halafu anafumba macho juu ya sufuria. Mimi nimeona kwa macho yangu. Ndiyo maana mtoto wetu siku hizi hatoki nyumbani. Kalishwa limbwata!"

Wakuu, mimi sitoki nyumbani kwa sababu niliacha safari ndefu nikafungua duka la vipuri ili nilee mtoto wangu. Duka lenyewe liko mbele ya nyumba. Nitoke niende wapi?

Nikajibu kwenye group kwa adabu zote nilizobakiwa nazo. Wapo waliocheka, wapo waliokaa kimya. Lakini kuanzia hapo nikaona kitu ambacho hakijawahi kutokea kwetu.

Watu wakaacha kula kwangu.

Mdogo wangu anayeishi Pasiansi akija, "Nimeshiba shemeji." Binamu ana tumbo. Dada yangu wa tumbo moja yuko kwenye mfungo, na nikamkuta saa hiyo hiyo kwenye kibanda cha kona anakula chipsi! Nikamuuliza dada, mfungo gani huu unaoruhusu kachumbari? Akacheka tu.

Nyie mnajua kumwachia mtu chakula chake mezani maana yake nini. Afadhali umtukane. Thoko alielewa, hakuna aliyemtafsiria. Akawa anafunika sahani, anarudisha jikoni, na usiku namsikia anajigeuza kitandani kama zamani.

Ukafika ubatizo wa binti yetu. Thoko akaniambia, kwa utulivu wake ule ule, "Nitapika mwenyewe. Kama hata chakula cha ubatizo wa mwanangu hakitaliwa, narudi naye kwetu. Siwezi kumlea mahali mkono wa mama yake unaogopwa."

Nikaenda kumnunulia mchele, maana alikuwa na haki.

Alianza kuchambua mchele siku mbili kabla. Akapika wali, sato wa kukaanga na wa mchuzi, kuku wa kienyeji, maharage, mchicha. Nyumba nzima ilinukia. Tukaenda kanisani, mtoto akabatizwa, hakulia hata kidogo.

Tunarudi, nakuta meza imeshajaa.

Shangazi, bila kuniuliza mimi mwenye nyumba, alikuwa amewapanga wanawake wa jumuiya yake wapike pilau kwa mdogo wangu Pasiansi. Limeletwa kwa gari, kwenye mahotpoti makubwa. Masufuria ya mke wangu yamesogezwa nyuma ya jiko, yamefunikwa kwa khanga kama kitu cha aibu. Halafu anasimama mbele ya wageni, na mkoba begani, anatangaza:

"Karibuni chakula. Chakula ni hiki hapa mezani."

Ndani ya nyumba yangu! Kwenye ubatizo wa mwanangu!

Nilishafungua mdomo. Thoko akanishika mkono, akasema, "Acha." Akaenda jikoni, akajipakulia sahani ya wali na sato, akaja akakaa kwenye mkeka katikati ya sebule, mtoto pajani. Akafumba macho, akanusa. Akaanza kula. Taratibu, tonge kwa tonge, kama hakuna mtu mwingine mle ndani.

Nikaenda nikajipakulia na mimi, nikakaa pembeni yake. Tukawa wawili tunakula chakula cha sherehe yetu, na watu wanatutazama.

Shangazi kuona macho yote yako kwetu, akaamua kuonyesha mfano. Akajaza kijiko pilau, akatia mdomoni, akatafuna kwa nguvu.

KRAK.

Wakuu, ule mlio ulisikika mpaka kwenye veranda. Akashika shavu. Akatema kwenye kiganja, tukaona kijiwe, na pembeni yake kipande cha gego.

Wale mama walikuwa wameosha mchele harakaharaka, hawakuuchambua. Hapo ndipo wengine nao wakaanza kutema. Baba wa ubatizo, mzee mmoja mpole, akafuta mdomo, akauliza, "Samahani mama mtoto, kule jikoni kumebaki kitu?"

Sitawadanganya kwamba wote walikula. Binamu aliondoka na njaa yake. Lakini mdogo wangu alikula, dada yangu wa mfungo alirudia mara tatu, na sufuria ya wali ilirudi imekwanguliwa ukoko.

Mimi nilitaka kucheka mpaka nigaragare. Thoko hakucheka. Alichemsha maji akatia chumvi, akampelekea Shangazi asukutue, akamshikia beseni.

Sasa sikieni kilichonifanya niandike uzi huu.

Jino lilihitaji daktari wa mjini, na aliambiwa arudi tena baada ya siku kadhaa. Kwa mdogo wangu ni chumba kimoja. Kwa hiyo Shangazi akakaa wapi? Kwangu! Kwa mlozi!

Siku ya kwanza alikunywa soda tu. Siku ya pili uso umevimba, njaa inauma, akaniita kando kwa sauti ya chini.

"Hivi wali wa mkeo una mawe?"

"Hauna, Shangazi."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja."

"Mwambie aniletee kidogo. Auponde uwe laini."

Akala. Jioni akaomba tena. Keshokutwa yake anawasimulia majirani zangu, "Huyu mkwe wetu ana mkono mzuri sana, mimi nilishasema tangu mwanzo." Tangu mwanzo! Nilitoka nje nikaenda kupanga vipuri vya duka ambavyo havikuhitaji kupangwa.

Radhi hajaomba. Ile voice note ipo mpaka leo kwenye group, hajaifuta, hajaikanusha. Mtu alikaribia kunivunjia ndoa na kumpeleka binti yangu nchi nyingine, sasa hivi anauliza kama kuna sato wa jana.

Nimemwambia Thoko nitaitisha kikao cha ukoo. Anasema niache, yeye anaendelea na ungo wake. Mimi sijafika kwenye hiyo level, naungama.

Jana asubuhi natoka dukani kufuata chai, nakuta kitu mlangoni mwa jiko. Thoko kakaa upande huu, Shangazi upande ule, ungo katikati. Shangazi anataka kubeba mchele uliochambuliwa aende nao Sengerema, kaambiwa karibu, tuchambue pamoja. Kimya. Hakuna habari za ukoo. Bibi kainama, miwani puani, anasukuma punje kwa ncha ya kidole, kijiwe akikipata anakiweka pembeni kama kito.

Nikaona huu ndio wakati wangu.

"Shangazi, naomba tuzungumze kidogo kuhusu ile voice note."

Hakuinua hata macho. Alininyooshea kidole kimoja juu.

Thoko akaangua kicheko mpaka punje zikamwagika. Mimi nikarudi dukani bila chai, nimenuna.

Nilichojifunza wakuu: sisi tunajisifu kwa ukarimu, lakini mgeni tunamtaka aongee, acheke tunapocheka, na ajieleze kila dakika. Akinyamaza ili asichanganyikiwe, tayari tumemfungulia mashtaka. Una jirani, shemeji au mfanyakazi mwenzako ametoka nchi ya watu na ni mkimya, usikimbilie kwenye group. Kaa naye. Kula chakula chake.

Na mliowahi kuletewa maneno ya limbwata na ndugu zenu, tiririkeni hapa chini, nijue siko peke yangu.

Ila wewe unayejiandaa kuniandikia "samehe tu mkuu, yameisha", kabla hujabonyeza kutuma, nakunyooshea kidole kimoja.

Subiri.