Mimi Pigo, Yeye Dawa

Mwalimu wetu, mzee wa Kichina aliyekodi ukumbi wa kanisa pale Blacktown, alikuwa mgumu kwa jambo moja. Mchezo wake wa kungfu wa watu wawili aliukata nusu. Mimi alinifundisha mapigo tu: ngumi ya kifua, kiwiko, mtama. Mwenzangu akamfundisha dawa ya kila pigo, namna ya kulizuia na kuligeuza. Mtu akijua vyote mapema hulewa, alisema. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, na siku tutakayoiva angetubadilishia nafasi. Wallahi niliitaka ile nusu ya pili kuliko nilivyowahi kutaka kitu hapa Sydney.

Mwenzangu alikuwa mama wa Kikongo, mtu wa Bukavu, akija na treni kutoka Campbelltown baada ya zamu yake ya kuwahudumia wazee. Mnene, mcheshi, mvivu wa kunyoosha viungo. Lakini nikirusha ngumi, lo! Kabla sijajua kilichonipata nimeshautazama ukuta, mkono wangu uko mgongoni, naye anacheka. Sisi wa Tanga tuna msemo, "dawa yako iko jikoni." Nilimfundisha, nikajuta, maana hakuacha kuniambia hivyo.

"Shoga yangu, hebu nionyeshe unafanyaje."

"Ngoja mwalimu aseme. Weye una haraka ya nini?"

Korona ikaja, ukumbi ukafungwa, mwalimu akahamia Melbourne kwa bintiye. Mwaka wa pili tukafungiwa tena, huku kwetu magharibi mwa Sydney kukiwa na polisi kila kona, uvumilivu ukanishinda. Nikampigia mwenzangu simu ya video: nipe dawa ya ngumi tu, moja, basi. Akaiegemeza simu kwenye sufuria, akasimama katikati ya jiko lake. Akainua mikono. Akaishusha. Akainua tena, akacheka.

"Haiji, mama. Mkono yangu inangojea mkono yako. Bila weye, miye sijue kitu."

Nikamwambia haya, tukifunguliwa utanipa, utake usitake. Akaapa kwa Mungu wake.

Kabla hatujafunguliwa aliugua, akalazwa, hakutoka. Mazishi niliyatazama kwenye simu, watu wachache wamekaa mbalimbali, nyimbo zao zinakatikakatika. Nililia mpaka mume wangu akaingiwa na hofu. Uchungu ule sikuutegemea, kwa mtu ambaye kazi yetu ilikuwa kupigana.

Mwalimu nilimpigia pia, maana dawa zile alibaki nazo yeye tu. Bintiye akampa simu. Mzee akanisalimia kwa Kichina, kwa upole. Binti akasema kumbukumbu zimemtoka, sasa hamjui hata yeye.

Tulipofunguliwa, binti wa marehemu alinijia nyumbani. Msichana mkubwa, anasoma chuo kule Kensington, Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alijikaza, akaniita shangazi kwa Kifaransa cha kwao.

"Tantine, mama alikuwa anafanya nini kule? Nionyeshe yeye. Mimi sikuja kumwona hata siku moja."

Tukasogeza kochi. Nikainua mikono nikiitafuta ya mama yake, wapi! Nilimjua kwa kugeuzwa tu, ukutani, nimempa mgongo. Nilichokijua ni yale mapigo yaliyokuwa yakimwendea. Nikamweleza hivyo, na aibu imenijaa. Akaitikia kwa kichwa, akavua viatu, akaja kusimama mbele yangu, mikono ameishusha.

Basi nikamwonyesha, polepole, jinsi nilivyokuwa nikimpiga mama yake.