Tundu Nyuma ya Dereva

Shirika la umma lilipompunguza kazi, Mbwana alichukua kiinua mgongo chake akanunua pikapu iliyokwisha kutumika ng'ambo, yenye kibanda cha bati juu ya bodi. Watu wa Mwananyamala walidhani amenunua gari. Mwenyewe alijua amenunua ukimya. Akishafunga mlango wa dereva na kupandisha kioo, dunia yote ilibaki nje ikichezesha midomo tu.

Na katika dunia hiyo alikuwamo mkewe, Mwajabu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Munira. Alikuwa mpishi wa shughuli, na pilau lake liliitwa mpaka Pugu. Kila Jumamosi alipanda nyuma, ndani ya kibanda, akayakumbatia masufuria yasimwagike. Alianza kuongea wakitoka nyumbani, akanyamaza wakifika. Lakini kati yake na mumewe palikuwa na vioo viwili, cha kichwa cha gari na cha kibanda, na upenyo wa kiganja katikati. Mbwana alimtazama kwenye kioo cha juu, akaitikia kwa kichwa, akaendesha.

Siku ya harusi ya binti wa kwanza wa Bi Mauwa wa Pugu, Mbwana alisimama Buguruni kutia petroli. Mama Munira akagonga bati, akasema anashuka kununua ndimu, akashuka. Mbwana alilisikia bati likigonga kama linavyogonga siku zote, akaondoka. Kwenye kioo aliiona kanga nyekundu imetanda juu ya masufuria, akaitikisia kichwa. Njia nzima alijisemea: leo mke wangu katulia, Mungu amzidishie.

Pugu akafungua nyuma. Masufuria matatu, kanga moja, mke hakuna.

Na kwenye shughuli sufuria halifunuliwi na mtu kabla ya mpishi. Yeye ndiye asemaye bismillahi na kutia mwiko wa kwanza. Basi wageni mia mbili walikaa jamvini wakilinusa pilau saa nzima na nusu, shehe mwenyewe akimeza mate, mpaka Mama Munira alipotokea juu ya lori la mchanga, mfuko wa ndimu mkononi.

“Baba Munira,” alisema kesho yake, “Bi Mauwa ana binti wa pili, anaolewa mwezi ujao. Tukikosea tena, anatafuta mpishi mwingine.”

“Nitakuwa nageuka kukutazama.”

“Uligeuka ukaisalimia kanga. Gari litobolewe. Nikisema, usikie.”

Mbwana aliona kama ameambiwa nyumba yake inaezuliwa paa.

Jamali, fundi bati wa mtaa wa pili, aling'oa vioo vyote viwili, akaunganisha kichwa na kibanda kwa boksi la bati. “Hii haitoki mzee, hata litokee tetemeko.” Wakalijaribu. Kwenye shimo la kwanza bati lilichanika kwa ukelele mrefu, na wanawake waliokuwa bombani wakaupokea kwa vigelegele, wakidhani bibi harusi anapita.

Jamali aliingia uvunguni, akatoka na matope puani. “Kumbe kichwa kinacheza kivyake, na bodi inacheza kivyake.”

“Miaka ishirini ya ndoa naishi hivyo,” alisema Mama Munira. “Ungeniuliza.”

Mara ya pili Jamali alitafuta tyubu kuukuu ya trekta, akaikata pete pana, akaivuta kutoka tundu hili hadi tundu lile na kuibana kwa mikanda ya bati. Ikakaa na makunyanzi kama shingo ya kobe. Gari lilipoyumba, ilinyooka, lilipotulia, ikajikunja.

“Vumbi haliingii?” Mbwana aliuliza kwa unyonge.

“Haliingii, mzee. Maneno tu.”

Jumamosi ya harusi ya pili, Mbwana alitangulia garini na mto wa kulalia, akaushindilia kwenye tundu. Hawajafika barabara kuu, mto ukavutwa, ukapotelea nyuma.

“Ahsante kwa mto, mume wangu. Hili sufuria la pembeni lilikuwa linacheza.”

Kisha akaanza kisa cha dada yake Salma na kitanda alichokopeshwa akakataa kukirudisha. Kitanda kilikuwa bado hakijarudishwa walipofika Ukonga. Mbwana aliguna tu. Kwenye mlima wa Pugu sauti ikabadilika: “Simama! Mlango wa nyuma umefunguka!”

Alikanyaga breki. Sufuria kubwa lilikuwa limefika ukingoni, Mama Munira amelishika kwa mikono miwili na meno kwenye kamba. Wakalirudisha. Pilau likafika la moto, mwiko wa kwanza ukaingia kwa wakati, na Bi Mauwa, shavu limejaa, akasema ana binti wa tatu.

Wakati wa kurudi, nyuma palikuwa kimya. Mbwana alifurahi mpaka Gongo la Mboto. Hapo akasafisha koo.

“Mama Munira?”

Kimya.

“Mama Munira, upo?”

Kwenye kioo cha juu, kupitia tundu, aliiona kanga nyekundu. Akasimamisha gari kando ya barabara, akakimbilia nyuma, akafungua. Mkewe alikuwa ameegemea ule mto, anatafuna ukoko.

“Nilitaka kujua utafika wapi,” alisema.

Mbwana alirudi mbele, akawasha gari. Mkono ukapenya kwenye tyubu na kipande cha ukoko. Akakipokea, akatafuna mpaka kikaisha.

“Haya,” alisema, “Salma na hicho kitanda. Ikawaje?”